Dire Straits, On Every Street (1991): hii albamu ilistahili kupendwa zaidi

Ukitaja Dire Straits, ile bendi ya roki ya Uingereza, hapa Nakuru, mtu wa rika letu atakuimbia Sultans of Swing, atakupigia gita ya Brothers in Arms kwa mdomo, atakwambia Walk of Life ilikuwa ikiwekwa kila sherehe, halafu basi, anaishia hapo. On Every Street haitaji. Ukimuuliza anakwambia "ile ya mwisho? ile ya polepole?" na anabadilisha stori. Sasa nimeona niandike kuhusu hii albamu vizuri, juu naipenda sana na naona haijawahi kupewa heshima yake, na zaidi ya hapo naona sisi watu wa Rift na Magharibi ndio tuko na maskio ya kuiskiza vile inafaa. Naipa 4 na nusu kwa 5. Hiyo nusu nimekata nitasema imeenda wapi.

Kwanza tuelewane ilitoka wakati gani. Ni tarehe 9 Septemba 1991. Kabla yake kulikuwa na Brothers in Arms ya 1985, ile iliuza zaidi ya kopi milioni 30 dunia nzima, na ndio albamu ilifanya watu wengi huko ng'ambo wanunue mashine ya sidii. Baada ya hapo Mark Knopfler, kiongozi wa bendi, mwimbaji na mpiga gita wake, alichoka na ukubwa wa hiyo kitu. 1988 bendi ikavunjwa, yeye akaenda kupiga mziki mdogo mdogo na marafiki, 1990 akatoa albamu na kikundi kinaitwa The Notting Hillbillies na mwaka huo huo akatoa ingine na Chet Atkins, yule mzee wa gita wa Nashville, inaitwa Neck and Neck. Ukiskiza hizo mbili ndio utaelewa On Every Street, manake mtu aliyeingia studio za AIR pale London mwisho wa 1990 hakuwa tena yule wa Money for Nothing, alikuwa mtu ametoka kukaa na watu wa kantri na vidole vyake vimeshika hiyo njia. Wale mashabiki walikuwa wamengoja miaka 6 wakitarajia Brothers in Arms ya pili, wakapewa kitu kimetulia, kiko na kantri, kiko na bluzi, na kimejaa nafasi za kupumua. Wengi hawakutaka kupumua.

Na saa yenyewe ilikuwa mbaya. Angalia tu hiyo wiki chache: Metallica walikuwa wametoa ile albamu yao nyeusi Agosti, Pearl Jam wakatoa Ten mwisho wa Agosti, Guns N' Roses wakaangusha albamu mbili kwa siku moja tarehe 17 Septemba, halafu tarehe 24 Nirvana wakatoa Nevermind. Kelele zote zilikuwa upande ule. Jamaa wa miaka 42 anayeimba kama anaongea na anayepiga gita bila kuharakisha angesikika aje hapo katikati? Sisi huku tulikuwa na yetu pia mwaka huo, watu walikuwa wanaskiza redio kujua kama kifungu cha 2A, kile cha katiba cha chama kimoja, kitaondolewa, na kikaondolewa Desemba, kwa hivyo hata sidhani kuna mtu alikuwa na shida na Dire Straits wametoa nini. Lakini isidhaniwe haikununuliwa. Uingereza iliingia namba 1, Marekani ikafika namba 12. Ilinunuliwa, ikaskizwa mara moja, ikawekwa kando. Hilo ndio linaniuma, ingekuwa haikuuza kabisa ningesema haikufika kwa watu, hii ilifika na watu hawakukaa nayo.

Sasa kwa nini nasema sisi ndio watu wake. Enda estate yoyote ya Nakuru Jumapili mchana, Section 58, Milimani, Free Area, Lanet, utaskia Don Williams ama Kenny Rogers ama Jim Reeves anatoka dirishani. Enda Molo, enda Njoro, panda mpaka Eldoret, ni hivyo hivyo. Wazazi wetu walilelewa na hiyo mziki kwa redio, sisi tukalelewa na kipindi cha Sundowner cha redio ya KBC jioni, na mpaka leo kuna watu hapa hawajawahi kutoka Kenya lakini wanajua Dolly Parton wimbo kwa wimbo. Tuko na Sir Elvis wetu anaimba kantri na kofia yake na watu wanajaza ukumbi. Kwa hivyo mwandishi wa gazeti wa London akisema 1991 ati Dire Straits wameingia kantri sana, yeye analalamika, lakini mtu wa Nakuru akiskia hivyo anavuta kiti karibu.

Na hapo ndio nataka nikae kidogo, kwa gita ya stili. Inapigwa na Paul Franklin, huyu ni fundi wa Nashville, kama umeskiza kantri ya miaka 30 iliyopita umemskia hata kama hujui jina lake. Kwa wale hawajaiona, gita ya stili yenye pedali haishikwi kifuani. Inasimama kwa miguu yake mbele ya mpigaji, yeye ameketi, nyuzi 10 zinaangalia juu, mkono wa kushoto unatelezesha chuma juu ya nyuzi, mguu unakanyaga pedali na magoti yanasukuma vyuma vingine vya kupandisha na kushusha sauti, ndio unaskia noti inapinda katikati ya kulia. Kuna watu wanaitumia kama mapambo, wanaiweka mwisho wa wimbo ilie kidogo ndio wimbo uitwe kantri. Kwa hii albamu si hivyo. Skiza You and Your Friend, hiyo ni ya 6. Inaanza pole, gita ya Knopfler inasema neno, stili inajibu chini yake, hazikanyagani, hakuna anayetaka kuonekana, na kadri wimbo unaenda zinasogeleana mpaka mwisho huwezi sema hii noti imetoka kwa nani. Karibu dakika 6 na maneno ni machache sana, mtu anauliza mwenzake kama atakuja, yeye na rafiki yake, na hatuambiwi ni kuja wapi na hatuambiwi rafiki ni nani. Nimeona watu wakibishana hii wimbo ni ya mapenzi ama ni ya mtu anaomba msaada. Mimi naskia ni mtu ameachwa na bado anaheshimu aliyemwacha, lakini ukiskia vingine sitakukatalia.

Ile yenye jina la albamu, On Every Street, ni ya 2, na kama uko na nafasi ya wimbo mmoja tu leo, chukua huu. Ni hadithi ya mtu anatafuta mtu aliyepotea jijini, amefuata dalili zote, kila barabara anatafuta uso wake, na anaimba kwa sauti ya mtu amezoea kutompata. Piano ya Alan Clark iko hapo, saksafoni ya Chris White inapita kidogo. Halafu kwa nusu ya wimbo maneno yanaisha. Kabisa. Anashika gita na anaanza mchoro mmoja mdogo wa noti, anaurudia, dramu zinaingia, besi ya John Illsley inakaa chini, na huo mchoro unaendelea kurudi huku kila kitu kinapanda pembeni yake mpaka unaskia yule mtu bado anatembea, bado anatafuta, ila sasa hawezi kuongea. Kuna watu wanasema wimbo unaisha bila kufika. Mimi nawaambia ndio hivyo, hajampata! Ungetaka uishe aje? Sijui wimbo mwingine wa roki ambao sehemu isiyo na maneno inaeleza hadithi kuliko maneno yenyewe hivi.

Hapa kuna rafiki yetu mmoja mtu wa Khwisero, anapiga gita tangu utoto, omutibo halisi, ule mtindo wa gita wa Waluhya wa kwao, yeye ndiye alinionyesha kitu nilikuwa naskia lakini sijui nakiita nini. Knopfler hatumii kile kiplastiki cha kupigia nyuzi, anatumia kidole gumba na vidole viwili. (Na ni mtu wa kushoto anayepiga gita ya kulia, hiyo pia iko.) Sasa huyu rafiki yetu akasema hebu angalieni, George Mukabi alikuwa anafanya nini? Gumba linashika besi, kidole kinachambua wimbo juu, gita moja inafanya kazi ya mbili na chupa ya soda inagongwa pembeni. Si ati Knopfler alijifunza kwa Mukabi, hapana, kila mmoja alitoka kwake, Mukabi alifariki 1963 na Knopfler alikuwa mtoto wa shule Newcastle. Ni kwamba nyuzi ikiguswa na nyama ya kidole inatoa sauti fulani ya kuongea, na mtu aliyelelewa na hiyo sauti anaitambua popote. Na benga pia ni hivyo, ukiskiza Shirati Jazz ya D.O. Misiani, sauti inaimba mstari, inanyamaza, gita inachukua hapo hapo inasema lake, halafu sauti inarudi. Skiza When It Comes to You, ya 3, uskie kama gita haifanyi kazi hiyo hiyo, anaimba mstari wa lawama, gita inamalizia lawama. Jamaa wa Kisumu nilimwekea hii akacheka akasema "bana, huyu mzungu anaachia gita nafasi yake kama watu wetu." Hiyo ndio sifa kubwa mtu wa Kisumu anaweza kumpa mpiga gita.

Dramu. Watu hawaongei kuhusu dramu za hii albamu na hilo ni kosa kubwa. Karibu zote ni Jeff Porcaro wa Toto, yule yule wa Rosanna na Africa, ile Africa ambayo hata watoto wetu wanaijua kwa simu. Anapiga kama mtu anatembea kwenda nyumbani bila haraka na haangalii nyuma. Weka Calling Elvis, ya kwanza, dakika 6 na zaidi, wimbo mzima unategemea mkono wake tu, hakuna kona anaonyesha nguvu, na bado huwezi kukaa mguu umetulia. Aliombwa aende nao ziara akakataa, na Agosti 1992 akafariki, alikuwa na miaka 38. Manu Katché ndiye amepiga Heavy Fuel na Planet of New Orleans, na hapo pia utaskia tofauti, Katché anacheza na visahani zaidi, anaweka vitu vidogo vidogo pembeni. Fundi wawili wa aina mbili kwa sidii moja, na zote zimerekodiwa safi sana, kila kitu kina mahali pake.

Sasa tuingie Ticket to Heaven, juu hii ndio watu wa hapa wakiskiza maneno wanasimamisha kazi. Ni mtu wa kawaida, si tajiri, anamtumia pesa mhubiri wa televisheni kila anapopata kidogo, na anasimulia mwenyewe kwa furaha, ana uhakika amenunua nafasi yake mbinguni. Knopfler hamcheki. Hiyo ndio nguvu yake. Anamwacha aongee na mziki ni mtamu, unabembea kidogo, na vinanda vya nyuzi vimepangwa na George Martin, ndio, yule wa Beatles, aliyeanzisha hizo studio za AIR. Uzuri wa mziki ndio unafanya iume. 1991 ilikuwa inaongea kuhusu wahubiri wa Marekani, lakini iweke leo hapa Kenya, ambapo mtu anaambiwa apande mbegu na namba ya kutuma inapita chini ya skrini, na uniambie kama hii wimbo imezeeka hata siku moja. Kwenye kikundi chetu cha kuskiza mziki kuna mwalimu mstaafu, mama wa Kisumu, mtu wa kanisa kabisa, nilidhani hataipenda. Akaniambia, "Kijana wangu, hii ni wimbo ya huruma. Mimi nimeona mama mboga akitoa ya stoki." Akaomba irudiwe.

Kabla yake kuna Iron Hand, fupi, dakika 3 tu, na watu wanairuka juu haina solo kubwa. Tafadhali usiiruke. Inahusu Orgreave, Yorkshire Kusini, tarehe 18 Juni 1984, wakati wa mgomo wa wachimba makaa ya mawe Uingereza, polisi walipoingia kwa wafanyakazi na farasi na virungu. Wachimba migodi 95 walishtakiwa na kesi zikaanguka mahakamani. Knopfler amelelewa Newcastle, sehemu ya makaa, anajua hao ni watu gani. Na ameandika bila kupiga kelele, hakuna kauli mbiu, ni mtu anaangalia siku nzuri ya jua na farasi wanashuka kwa watu, na anashangaa karne zimepita na bado ni yale yale. Gita ni laini sana chini. Mtu ambaye amewahi kuwa Kondele pale Kisumu siku ya maandamano, ama amefunga duka mbio hapa Kenyatta Avenue akiskia mlio wa kwanza wa gesi ya machozi, hahitaji kuelezwa Orgreave iko wapi kwa ramani.

Ngoja nitoe makosa sasa, manake nimekata nusu. Heavy Fuel siipendi. Najua ilifika namba 1 kwa chati ya redio za roki za Marekani, lakini ni Money for Nothing ya mara ya pili, gita nzito ya aina ile ile, mtu wa sigara na pombe anajisifu, na sidhani bendi yenyewe ilikuwa na moyo nayo. Imewekwa hapo ndio kampuni ipate kitu cha kuuza. Tena imewekwa katikati ya You and Your Friend na Iron Hand, yaani umeketi vizuri roho imetulia, ghafla mtu amekupigia mlango. Kama ningekuwa napanga mimi ningeitoa kabisa. My Parties pia, ya 10, inachora tajiri anaonyesha wageni nyumba yake na vyombo vyake, inaeleweka mara ya kwanza na baada ya hapo haina kitu kipya inakupa, na inachukua dakika 5 na nusu. Albamu yote ni kama saa moja na nyimbo 12. Ingekuwa 10 ingekuwa na nguvu zaidi, na nadhani hizo dakika 10 ndizo zilifanya watu wengi waseme inachosha. Mzee mmoja kwetu anatetea My Parties kwa nguvu, anasema ameona hiyo sherehe kwa macho yake huko Milimani. Sawa mzee, lakini mimi bado naruka.

The Bug ni nyepesi, ya kuruka ruka, Vince Gill, mwimbaji wa kantri, yuko huko nyuma anaitikia kwa sauti. Huyu Vince Gill aliombwa aingie Dire Straits kwa ile ziara na akakataa akaenda kujijenga Nashville, na tunajua alifika wapi. Na hapa kuna ushahidi wangu kwa wale wanasema hii si albamu ya maana: mwaka uliofuata, 1992, John Anderson akachukua When It Comes to You ikapanda mpaka 5 bora ya kantri, Knopfler mwenyewe akiwa kwa gita, na Mary Chapin Carpenter akachukua The Bug, 1993 akaitoa kama singo ya kantri ikaingia 20 bora. Nyimbo mbili kutoka albamu moja ya "roki iliyochoka" zikawa hiti Nashville ndani ya kama miaka miwili! Kwa hivyo nyimbo zilikuwa nzuri. Zilikuwa tu zimepelekwa kwa duka la watu waliokuja kununua kitu kingine.

Fade to Black nitaipita haraka, ni bluzi ya usiku, ya wivu, nzuri, fupi, inafanya kazi yake inaenda. How Long ndio inafunga, kantri safi, stili tena, mtu anamuuliza mwanamke nitangoja mpaka lini, bila hasira, na hiyo wimbo ukiiweka baina ya Don Williams mbili kwa redio ya hapa hakuna mtu ataona mshono.

Lakini ile kubwa kwangu baada ya wimbo wa jina ni Planet of New Orleans, ya 11. Karibu dakika 8. Anasimama kwa kona ya barabara New Orleans usiku na anaacha mji umwingie. Inaanza na giza, kinanda cha Guy Fletcher kinatanda, gita inakuja kwa noti ndefu ndefu, na ukidhani itabaki hivyo inafunguka, Katché anaongeza mwendo, saksafoni inaingia, na mwisho wote wanapiga kwa pamoja kama dakika 3 hakuna anayeimba. Sijawahi kufika New Orleans. Nimeiskia hii wimbo usiku barabara ya Nakuru kuelekea Gilgil, ziwa liko giza upande wa kulia na taa za malori zinapanda kwa mstari, na niseme tu kwamba hiyo sehemu ya mwisho ilinifanya niegeshe gari kando nimalize kuskiza. Kikundi chetu kimegawanyika hapa. Nusu wanasema hii ndio kilele, nusu wanasema ni On Every Street, na hatujawahi kukubaliana na sioni tukikubaliana, kila mtu anarudi kwake akiwa ameshinda.

Kwa wale wanataka kuipata. Kwa mtandao iko, huduma zote kubwa za mziki ziko nayo, utaipata nzima. Lakini tafadhali usiiskize kwa spika ya simu, hii si ya hivyo. Mziki umerekodiwa na nafasi nyingi sana, ukiweka kwa spika ndogo ya blututhi unapoteza besi ya Illsley yote na stili inakuwa mlio mwembamba tu unaokukera, halafu utaenda useme albamu ni ya kulala. Kama huna spika kubwa tumia hedifoni nzuri. Sidii ya zamani ukibahatika kuipata kwa watu wanaouza vitu vya mtumba, chukua bila kuuliza, angalia tu mikwaruzo, manake zile za mwanzo zinasikika vizuri mno. Kaseti ningekushauri uachane nazo, utepe wa miaka yote hiyo umechoka na hii albamu inaishi kwa vitu vidogo vidogo ambavyo utepe mchovu unameza.

Na usianze na wimbo wa kwanza kama ndio mara yako ya kwanza. Calling Elvis ni nzuri lakini ni ndefu na haikuambii albamu iko aje. (Video yake imetengenezwa na Gerry Anderson na wale vibaraka wa Thunderbirds, watoto wangu waliipenda kuliko mimi.) Anza na On Every Street, uende You and Your Friend, halafu Ticket to Heaven, halafu How Long. Ukimaliza hizo nne na hujaguswa, basi hii bendi si yako na hakuna ubaya. Ukiguswa, tafuta saa moja hakuna mtu wa kukusumbua uweke yote kutoka mwanzo, Heavy Fuel ukitaka uiruke.

Baada ya hapo bendi haikudumu. Walitoka na ziara iliyoanza Dublin Agosti 1991 na kuisha Uhispania Oktoba 1992, zaidi ya maonyesho 200, na Knopfler akachoka tena, safari hii kabisa. 1993 wakatoa On the Night, imerekodiwa kwa jukwaa Nîmes na Rotterdam, na hiyo ninyi nyote mnaopenda gita muitafute, juu On Every Street na You and Your Friend ziko humo, Paul Franklin yuko hapo jukwaani na stili yake, na kwa You and Your Friend wanachukua muda wao hata zaidi ya studio. 1996 Knopfler akatoa Golden Heart kwa jina lake na Franklin akaenda naye. Wale walisema ati hii albamu ya 1991 ilikuwa mwisho wa kitu, waiskize na Golden Heart siku moja, moja baada ya ingine, wataona ni mtu yule yule anaendelea na sentensi aliyokuwa ameanza. Mimi sidii yangu siazimi mtu, lakini mtu wa Nakuru anayetaka kuja kuskiza aje Jumamosi jioni, spika ziko, chai iko, na yule mzee wa My Parties atakuwepo kumtetea tajiri wake.